Jinsi ya kuifanya nguo moja ivaliwe mara mia

Ukitaka kujua nguo ina madhara gani kwa dunia, usianze kuuliza imetengenezwa kwa kitambaa gani au imetoka nchi gani. Uliza itavaliwa mara ngapi. Shati lililovaliwa mara 5 na shati lililovaliwa mara 100 yamekula pamba ileile, maji yaleyale, rangi ileile na jasho lilelile la mshonaji. Lile la kwanza limeteketeza vyote hivyo kwa siku tano tu.

Mitindo ya haraka imejengwa juu ya siku hizo tano. Kwa hesabu za taasisi ya Ellen MacArthur Foundation, kati ya mwaka 2000 na 2015 uzalishaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ikishuka kwa asilimia 36. Watu hawakuongezeka maradufu katika miaka hiyo, wala hakuna aliyeota mikono minne. Kilichobadilika ni mwendo wa maduka. Zamani mitindo ilibadilika kwa misimu. Sasa dukani inaingia mipya kila wiki, na mtandaoni kila siku, hadi nguo ya mwezi jana inaonekana kuukuu ilhali karatasi ya bei bado inaning'inia shingoni.

Gharama tunayoizungumzia

Tuanze na maji. Shirika la WWF linakadiria kwamba fulana moja ya pamba huhitaji takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi inapokamilika. Pamba ikilimwa penye mvua ya kutosha si tatizo kubwa, ila ikilimwa kwa kumwagilia katika nchi kavu inaweza kumaliza ziwa zima. Bahari ya Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti iligeuza maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yaende mashambani, hasa kwenye pamba, na ziwa likakauka hadi meli za wavuvi zikabaki zimeegemea mchanga. Hayo yalitokea kabla mitindo ya haraka haijazaliwa, lakini kiu ya pamba haijabadilika tangu hapo.

Poliesta hainywi maji mengi shambani kwa sababu haina shamba; inatokana na mafuta ya petroli. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote za nguo zinazozalishwa duniani ni poliesta. Kila ikifuliwa hutoa vijinyuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho, vinavyopita kwenye mifereji hadi baharini. Ripoti ya mwaka 2017 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilikadiria kuwa asilimia 35 hivi ya chembechembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni ndogo zinatokana na ufuaji wa nguo za aina hii. Ongeza moshi wa viwanda, usafirishaji na upakaji rangi: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa huweka mchango wa sekta ya nguo kati ya asilimia 2 na 8 ya gesijoto zote.

Halafu kuna watu. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza lenye ghorofa nane liliporomoka na kuua watu 1,134. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini, kwa kuwa oda zilikuwa na tarehe zake. Ukumbuke kwamba cherehani hadi leo inaongozwa na mkono wa mtu: kitambaa kinateleza, kinajikunja, kinavutika, na mashine inayoweza kushona shati zima bila binadamu haijaenea viwandani. Kwa hiyo nguo ikiwa rahisi kupita kiasi, kuna mtu aliyelipwa kidogo kupita kiasi. Kinyume chake si lazima kiwe kweli, kwa bahati mbaya. Nguo inaweza kuwa ghali na mshonaji akabaki palepale.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kabati la kawaida na pesa za kawaida. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, hasa ile ya kwanza.

Hatua ya 1: Usinunue kitu. Toa nguo zote kabatini

Wengi wakishasoma habari za mazingira hukimbilia kununua nguo “endelevu” na kutupa zile walizo nazo. Hiyo ni biashara ileile kwa rangi ya kijani. Nguo yenye madhara madogo kuliko zote ni ile iliyokwishatengenezwa na iko kwako, hata kama ni poliesta tupu.

Tandaza kila kitu kitandani, ugawe mafungu matatu: unazovaa, ambazo ungevaa kama zingerekebishwa, na usizovaa. Fungu la tatu ndilo lenye elimu. Chukua karatasi, na kwa kila nguo andika sababu kwa maneno machache: inabana kwapani, inataka pasi, inaonyesha ndani, haina cha kuvaliwa nacho, nilinunua kwa sababu ya punguzo. Ukimaliza utaona sababu mbili au tatu zinajirudia, nazo ndizo kanuni zako za kununua kuanzia leo. Ukikuta mashati manne yamelala kwa sababu yanajikunja, basi jikubali: wewe si mtu wa pasi, na shati la tano la kitani halitakugeuza kuwa mwingine.

Fungu la pili liweke kwenye kikapu mahali unapopita kila siku. Ukilirudisha kabatini limekufa. Nguo zilizobaki zitundike na kulabu za hanga zikitazama upande mmoja. Ukivaa nguo na kuirudisha, geuza hanga. Baada ya miezi michache kabati lenyewe litakuambia unachovaa kweli na unachodhani unavaa.

Hatua ya 2: Jifunze vitambaa

Soma lebo ya ndani, ile ya asilimia. Pamba inapumua, inavumilia kufuliwa sana na inashoneka kirahisi. Kitani kinajikunja kwa kutazamwa tu, lakini kina nguvu za ajabu na hulainika kadiri kinavyozeeka. Sufu haishiki harufu upesi, hivyo inaweza kuvaliwa mara nyingi kabla ya kufuliwa, ila ina maadui wawili: maji ya moto na wadudu nondo. Viskosi inatokana na miti, inaanguka vizuri mwilini, na hudhoofika sana ikiwa imelowa, kwa hiyo usiikamue kwa kuisokota. Poliesta inadumu, haijikunji, inakauka upesi, na inashika harufu ya jasho. Akriliki, ile inayojifanya sufu kwenye masweta ya bei rahisi, huota vijidonge vya nyuzi mapema kuliko zote. Kama kuna kitambaa ninachokikwepa moja kwa moja, ni hiki.

Tazama pia michanganyiko. Elastini asilimia 1 au 2 kwenye suruali ya jinzi husaidia kukaa vizuri. Ikizidi sana, magoti hutoka malengelenge na hayarudi. Na mchanganyiko wowote ni kikwazo mbele ya safari, kwa sababu kuitenganisha pamba na poliesta zilizosokotwa pamoja ni kazi ngumu kwa viwanda vya urejelezaji.

Kama lebo imekatwa, moto utakuambia. Chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya mshono, urefu wa kidole, ushike kwa kibanio juu ya beseni lenye maji, kisha usogeze kwenye mwali wa kiberiti. Pamba, kitani na viskosi huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu na hariri huungua polepole, moto huzima wenyewe, na harufu ni ya nywele. Poliesta hujikunja ikiukimbia mwali, huyeyuka, hudondoka na kuganda kuwa kitone kigumu kisichovunjika kwa vidole. Usikiguse kikiwa bado moto; kinaganda kwenye ngozi vilevile. Ukipata jivu na kitone pamoja, umeshika mchanganyiko.

Hatua ya 3: Kagua nguo kama fundi

Siku utakapohitaji nguo kweli, igeuze ndani nje kabla hata ya kujitazama nayo kwenye kioo. Upande wa nje umetengenezwa ili ununue. Wa ndani unaonyesha nguo ilishonwa kwa haraka kiasi gani.

Anza na mshono. Shika kitambaa pande mbili za mshono, uvute kidogo. Ukiona nyuzi zinatanuka na mwanga unapita katikati, mshono huo utafumuka. Hesabu hatua za uzi ndani ya sentimita moja: kwenye shati zikiwa tatu au nne ni nzuri, zikiwa mbili fundi alikuwa anakimbizwa. Kisha tazama kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Kikiwa na upana wa sentimita moja au zaidi, nguo hiyo inaweza kutanuliwa ukinenepa. Kikiwa kimekatwa kabisa na kufungwa kwa ovaloki nyembamba (mshono wa mashine unaozuia ukingo usifumuke), umbo ulilonunua ndilo hilohilo milele. Pindo la suruali nalo liwe na kina cha sentimita tatu hivi, hasa kwa mtoto anayekua.

Fulana ina ugonjwa wake. Itandaze, ufuate mishono ya ubavuni kutoka kwapani hadi chini. Ikiwa mshono unaelekea tumboni badala ya kushuka wima, kitambaa kilikatwa upande ili kubana matumizi, na kila ukiifua itazidi kujipinda. Hakuna pasi itakayoinyoosha.

Inyanyue nguo kwenye mwanga. Kama unaona vidole vyako vizuri kupitia fulana mpya, itakuwaje baada ya kufuliwa mara ishirini? Kunja kipande kwenye ngumi kwa sekunde kumi na uachie. Mikunjo unayoiona ndiyo utakayotembea nayo. Vuta kitambaa cha kufuma kisha uachie uone kama kinarudi. Sugua ndani ya mshono kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, maana rangi ikitoka hapo itatoka pia kwenye ukosi, kwenye mkoba na kwenye nguo zote utakazofua nayo.

Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Vifungo vivute. Pembe za mifuko na chini ya zipu zitafute mishono minene ya kukazia. Kama nguo ina miraba au mistari, angalia inapokutana kwenye mshono wa bega na mfukoni. Miraba iliyopangwa hula kitambaa na muda zaidi, na kiwanda kinachojali hilo aghalabu kinajali na mengine.

Mwisho ivae. Inua mikono, inama, kaa chini. Nguo inayokubana ukiwa dukani umesimama wima haitakuwa rafiki yako ukiwa safarini umekaa.

Hatua ya 4: Piga hesabu, kisha lala

Gawa bei kwa idadi ya mara unazoamini utaivaa. Kiatu cha bei mara tatu kinachodumu mara sita zaidi ni cha bei nafuu, hilo halina ubishi. Lakini ushauri wa “nunua ghali, itadumu” ni ushauri wa mwenye nazo, na mara nyingi jina la kampuni ndilo linalopandisha bei, siyo mshono. Huna haja ya kulipa zaidi. Una haja ya kukagua vizuri na kuvaa kwa muda mrefu. Wanaofanya hivyo vizuri kuliko wote ni watu wasio na pesa za kuchezea, na wamefanya hivyo muda wote bila kuitwa wanamazingira.

Kipimo rahisi: unaweza kutaja nguo tatu ulizo nazo ambazo hii itavaliwa nazo, na nafasi ambazo utaivaa angalau mara 30? Kama jibu linasitasita, iache kwenye kapu la duka la mtandaoni kwa wiki moja. Zima arifa za punguzo. Saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye skrini imewekwa ili usifikiri.

Hatua ya 5: Mitumba, kuazima, kubadilishana

Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine haihitaji shamba jipya la pamba. Na ina ushahidi juu yake: kama imefuliwa mara nyingi na bado ina umbo, ubora wake umeshathibitishwa. Jinzi nzito, makoti ya sufu, mikanda ya ngozi na mashati ya pamba ngumu ndiyo mawindo mazuri.

Kagua sehemu zinazochakaa kwanza: kwapa, ndani ya ukosi, viwiko, katikati ya mapaja. Kitambaa kilichogeuka njano na kuwa kigumu kwapani hakirudi. Lastiki ya kiuno ivute. Ukisikia inatoa sauti ya kukatikakatika, mpira umekufa, ingawa lastiki hubadilishwa kirahisi. Nguo za sufu zinyanyue kwenye mwanga utafute vitundu vya nondo. Harufu ya ukungu iogope kuliko doa. Usiamini namba ya saizi, kwa sababu kila kiwanda kina yake na za miaka ya nyuma zilikuwa ndogo. Beba futi ya kupimia na ujue vipimo vyako vya kiuno, nyonga na urefu wa ndani ya mguu.

Ila mtu anayerudi na mifuko miwili ya mitumba kila mwisho wa wiki kwa sababu ni rahisi ana ugonjwa uleule, amebadilisha tu hospitali. Na kwa nguo ya sherehe moja, azima. Hakuna atakayekumbuka.

Hatua ya 6: Fua kidogo, fua vizuri

Nguo nyingi huuawa na ufuaji kabla hazijachakaa kwa kuvaliwa. Zile nyuzi laini zinazonaswa kwenye chujio la mashine ya kukaushia ni nguo yako inayoondoka kidogo kidogo.

Nguo za ndani, soksi na za mazoezi fua kila ukizivaa. Shati la siku ya joto vilevile. Lakini suruali ya jinzi, sweta, koti na sketi hazihitaji maji kila mara. Zitundike penye upepo usiku mmoja, na doa dogo lifute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Ukifua, maji baridi au ya nyuzi joto 30 yanatosha kwa uchafu wa kawaida. Geuza ndani nje, funga zipu ili meno yake yasikwangue nguo nyingine, tenga nzito na nyepesi. Mashine iwe imejaa kiasi cha kupitisha mkono wako juu, na mzunguko uwe mfupi. Kwa mkono, loweka nusu saa badala ya kusugua kwa nguvu: sabuni na muda hufanya kazi ambayo vifundo vya vidole vinaifanya kwa kuumiza kitambaa. Sabuni ikizidi haisafishi zaidi. Inabaki kwenye nyuzi, inakaza nguo na kukamata uchafu mpya.

Nguo za poliesta hutoa vijinyuzi vingi zaidi katika ufuaji wa mwanzomwanzo, zikiwa mpya. Hiyo ni sababu nyingine ya kuivaa ya zamani uliyo nayo.

Anika kivulini au zikiwa zimegeuzwa, kwa sababu jua kali hupausha rangi. Nyeupe ndizo zinazofaidika na jua. Sweta lisining'inizwe likiwa na maji. Litarefuka hadi magotini. Lilaze juu ya taulo, ulivute taratibu lirudi kwenye umbo lake.

Madoa yana kanuni moja kubwa: usipitishe joto juu ya doa kabla halijatoka, kwa maji ya moto wala kwa pasi. Damu ni maji baridi na haraka. Mafuta ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, paka likiwa kavu, acha robo saa, ndipo uloweshe. Umanjano wa kwapani kwenye nguo nyeupe hupungua kwa uji mzito wa magadi ya kuokea na maji, ukiachwa saa moja kabla ya kufua. Usikimbilie jiki, kwani ikikutana na jasho lililoganda mara nyingi huzidisha umanjano, na kwenye sufu au hariri hula nyuzi zenyewe.

Hatua ya 7: Shika sindano

Vifaa havijazi hata kopo dogo: sindano za ukubwa mbili tatu, mkasi mkali, pini, na uzi mweusi, mweupe na wa kijivu. Wa kijivu usiudharau, unajificha kwenye rangi nyingi kuliko unavyodhani.

Anza na kifungo, na ukifanye sawasawa, kwa sababu kifungo kilichoshonwa kikabanwa kabisa kwenye kitambaa ndicho kinachokatika tena. Tumia uzi maradufu, funga fundo, toboa kutoka nyuma. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu, ushone ukipita juu ya njiti mara nne au tano. Ichomoe njiti: kifungo sasa kimelegea. Kivute juu, upitishe sindano kati ya kifungo na kitambaa, uzungushe uzi kwenye ile shina mara tano sita ukikaza, kisha rudi nyuma na ufunge fundo. Shina hilo huacha nafasi ya kitambaa cha upande wa pili kukaa chini ya kifungo bila kuvutana nacho.

Jinzi nyingi hufia katikati ya mapaja, na kifo hicho kinaonekana kikija. Inyanyue kwenye mwanga kila baada ya muda. Ukiona eneo limekuwa jepesi, tia kiraka kabla ya tundu. Kata kipande cha kitambaa cha uzito unaolingana, au chepesi kidogo, kinachozidi eneo bovu kwa sentimita mbili kila upande, na pembe zake uzikate mviringo ili zisiinuke. Kiweke ndani, kipige bandi, yaani mshono mrefu wa muda, kisiteleze, halafu shona mistari ya kwenda na kurudi, midogo na ya karibu karibu, ukivuka hadi kwenye kitambaa kizima. Watu wengi hukomea ukingoni mwa pale palipochoka, kisha kiraka kinang'oka na kwenda na kipande cha suruali. Kama jinzi inavutika, kiraka nacho kivutike.

Vijidonge vya nyuzi kwenye sweta vikate kwa wembe wa kunyolea, sweta likiwa limetandazwa mezani, mkono mwepesi. Usivivute kwa vidole. Kila unachong'oa kinatoa uzi mwingine nje.

Kazi zinazokushinda mpelekee fundi, lakini umweleze vizuri. “Fundi, naomba uibane kiunoni, ila kitambaa cha ndani usikikate, nikinenepa nirudi uitanue” ni sentensi itakayookoa suruali. Mwambie pia kama nguo imeshafuliwa, kwa sababu pamba mpya hurudi, na pindo lililokatwa kabla ya kufua mara ya kwanza huishia juu ya kifundo cha mguu.

Hatua ya 8: Usidanganywe na kijani

“Rafiki wa mazingira”, “asilia”, “tunajali”: maneno haya hayana kipimo, kwa hiyo hayana uongo wala ukweli. Tafuta asilimia na tafuta aliyethibitisha. Alama ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, ikiwa na neno la “hai” (“organic”) inamaanisha angalau asilimia 95 ya nyuzi zimelimwa kwa kilimo hai, na daraja lake la pili huanzia asilimia 70. Kiwango hicho kinagusa pia kemikali za kiwandani na haki za wafanyakazi. OEKO-TEX Standard 100 inahakikisha kwamba nguo iliyokamilika imepimwa kemikali zenye madhara kwa mvaaji. Ni jambo jema, lakini haisemi chochote kuhusu mshahara wa mshonaji. Fairtrade, alama ya biashara ya haki, kwenye pamba inamhusu zaidi mkulima.

Nguo ya “mianzi” karibu kila mara ni viskosi: mmea umeyeyushwa kwa kemikali kali hadi hakuna la kimianzi lililobaki. Mwaka 2022 mamlaka ya biashara ya Marekani iliyabana maduka mawili makubwa kwa kuuza viskosi kama mianzi, na yakakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5. Na “poliesta iliyorejelezwa” kwa sehemu kubwa inatokana na chupa za plastiki, si nguo za zamani. Inapunguza matumizi ya mafuta mapya, lakini inatoa vijinyuzi kama kawaida.

Swali moja huwatoa jasho wauzaji: nguo ambazo hazikuuzwa zinakwenda wapi? Burberry, kampuni ya mitindo ya Uingereza, ilikiri mwaka 2018 kwamba ilikuwa ikiteketeza bidhaa zake za mamilioni ya pauni, kisha ikatangaza kuacha. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya tabia hiyo mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2024 kwa sheria inayozikataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu visivyouzwa kuanzia Julai 2026. Wasiwasi wa sheria una nguvu kuliko huruma ya matangazo.

Hatua ya 9: Kuiondoa nguo nyumbani

Usiridhike kwa sababu umeiweka kwenye sanduku la misaada. Nguo nyingi zinazotolewa hivyo hufungwa marobota na kusafirishwa nchi nyingine. Katika soko la Kantamanto jijini Accra, Ghana, wauzaji hununua robota bila kuliona ndani, na zile zisizouzika huishia kwenye dampo, kwenye mitaro na ufukweni. Nchini Chile, karibu na mji wa Alto Hospicio, nguo kutoka pande zote za dunia zimerundikwa katika jangwa la Atacama, nyingine zikiwa bado na lebo. Nguo za zamani zinazorudi kuwa nguo mpya ni chini ya asilimia 1.

Kwa hiyo toa kwa mtu unayemjua, aliyekubali, na toa ikiwa safi, ina vifungo vyote. Kipimo ni kama ungempa rafiki ana kwa ana bila kuona haya. Isiyofikia hapo ibaki kwako. Kata vifungo, zipu na kulabu uviweke kwenye lile kopo pamoja na uzi. Miguu ya suruali ya jinzi ihifadhi kwa viraka vya zijazo. Fulana za pamba zikate vipande vya ukubwa wa kurasa mbili za daftari, ukiondoa mishono yote, maana mshono unakwaruza kioo na meza. Hivyo ni vitambaa vya kufutia vizuri kuliko vingi vya dukani. Za poliesta zinasukuma maji badala ya kuyafyonza, kwa hiyo zitumie kujazia mito, na ukizikatakata vipande vidogo mto hautakuwa na mabonge.